Jibwa chotara la kituoni, kubwa ila pole mno: nilichukue?

Mama Njiro:
Wakuu habarini. Niko Arusha, kuna jibwa nimelipenda hadi najishangaa. Waliokuwa nalo ni wageni wa shirika fulani. Mkataba ukaisha, wakapanda ndege, likabaki kwa mlinzi. Mlinzi naye akashindwa kulilisha, ndipo likaishia kituo cha mbwa waliotelekezwa. Mama yake koko wa hapahapa, baba wanadhani ni Boerboel, wale wa Afrika Kusini. Kilo 50 na ushee, kichwa kama sufuria la shughuli. Ukimsogelea anajilaza chali umkune tumbo. Paka wa kituo alimnyang'anya utumbo mbele ya macho yangu, yeye akakaa pembeni anasubiri mwenzake ashibe!

Baba watoto anasema tunatafuta mbwa wa ulinzi, siyo mgeni mwingine wa kulisha. Mdogo wetu ana miaka 4. Uzio ni michongoma. Anakula kiasi gani huyu? Na upole huu ni tabia yake, au unyonge wa kuachwa?

Babu wa Usa River:
Dada, chukua. Mwizi atajuaje kama ni mpole? Anachungulia getini, anakiona hicho kichwa, anahamia kwa jirani. Wangu ni chotara wa Great Dane, hajawahi kumng'ata mtu, lakini msoma mita hapigi hodi bila kunipigia simu kwanza. Unga wa dona haufiki nusu kilo kwa siku. Hela inaishia kwenye dagaa na bandama.

Dokta Mifugo:
Usimpe chote kwenye bakuli moja la jioni. Gawa mara mbili, na akishakula apumzike, asikimbizwe. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu tumbo huweza kujaa gesi na kujisokota. Ukiona limevimba, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, mkimbize kwa daktari usiku huohuo. Asubuhi unaweza kukuta maiti. Mifupa ya kuku iliyopikwa marufuku.

Waombe kadi ya chanjo. Ya kichaa cha mbwa hapa kwetu tunachoma kila mwaka. Na mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Akigoma kula na ufizi ukapauka, wahi.

Kuhusu upole: mbwa aliyeachwa huwa kimya mwanzoni, tabia yenyewe unaiona akishajiona yuko kwake. Hiyo ya paka ni dalili nzuri, ila rudi tena ukamwangalie anavyokula mtu akipita karibu. Akikakamaa au akiguruma, ndani ya nyumba yenye mtoto mimi nisingemchukua. Hata akiwa malaika, mtoto wa miaka 4 asiachwe naye peke yake. Mkia tu unamwangusha.

Kijana wa Sakina:
Michongoma?? Huyo atapita hapo akienda kusalimia majirani, na jirani akiona kilo 50 zinamjia hatauliza kama ni mpole. Uzio kwanza, mbwa baadaye.

Mama Njiro:
Asanteni sana. Dokta, kadi wanayo, na wamemhasi tayari. Jumamosi naenda na baba watoto na huyo mdogo, tutakaa hadi saa ya chakula. Kijana, umenishtua lakini ni kweli. Kuna anayejua bunda la seng'enge linauzwaje sasa hivi? Na futi tano zinatosha, au ataruka?