Watunzi wa orodha za maneno ya Kiingereza kwenda Kireno, mmenitia aibu

Wakuu, nitaruka salamu ndefu maana bado nina hasira.

Kazi yangu ni kutafsiri. Kireno nimejifunza ukubwani, kwa njia ambayo wengi wetu tumepitishwa, yaani kwa mgongo wa Kiingereza. Nililipia kozi, jina lake nalihifadhi, nikapewa orodha ya maneno 1000 "yanayotumika zaidi". Kushoto Kiingereza, kulia Kireno, neno moja linatazamana na neno moja kama wachumba wanaopigwa picha. Nikakariri mpaka nikawa nayaota. Juzi nikapewa kijitabu cha maelekezo ya pampu ya maji, kutoka Kiingereza kwenda Kireno. Nikajiambia hii ni mteremko. Jana kimerudi chote kikiwa chekundu.

Chukua sentensi hii: "Do not run the pump dry." Orodha inasema "run" ni "correr". "Correr" ni kukimbia, mbio za miguu. Kwa hiyo mimi, mtu mzima na akili zangu, nimemwandikia fundi asiikimbie pampu kavu. Mhariri amefuta, ameandika "não deixe a bomba trabalhar em seco", yaani usiiache pampu ifanye kazi bila maji. Kinachoniuma ni kwamba "trabalhar" nilikuwa nalo kichwani! Ila orodha ilinifunza kuwa ni kufanya kazi kwa mtu, basi. Haikusema kwamba mashine nayo "hufanya kazi", jambo ambalo kwa Kiswahili nalitamka kila siku bila kufikiri.

Ukurasa wa pili: "Back off the nut a quarter turn." Legeza nati robo mzunguko, hakuna la ajabu. Kireno chake ni "desaperte a porca um quarto de volta". Mimi orodha yangu inajua "back" ni "costas", mgongo. Na "porca" kwenye orodha yangu ni nguruwe jike, si kingine. Kumbe nati ya fundi na nguruwe jike ni neno moja, hakuna aliyeona haja ya kunitajia. Sitawaambia nilichoandika pale. Wenye akili mtaunganisha mgongo na nguruwe wenyewe.

Sasa niseme linalonikera hasa, maana mtu anaweza kudhani nalia kwa sababu ya kazi moja.

Vile vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia, "give up", "put off", "look after", "run out", ndivyo vinavyoua. Orodha zetu huvishughulikia kama mchinjaji: kichwa huku, mkia kule. "Give" ni "dar", "up" ni "cima", jipange mwenyewe. Lakini "give up" ni kukata tamaa au kuacha, Kireno ni "desistir", hakuna kutoa wala juu ndani yake. "Put off" ni kuahirisha, "adiar". "Put up with" ni kuvumilia, "aguentar". "Find out" ni kugundua, "descobrir". "Look for" ni kutafuta, "procurar". Hebu angalieni hiyo mistari tena. Kiingereza kina maneno mawili, matatu. Kireno kina kitenzi kimoja. Kiswahili kina kitenzi kimoja. Mnaona ninakoelekea?

Kiingereza hupenda kitenzi kiseme namna ya mwendo, halafu mkia useme mwelekeo. Kireno huweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: "entrar", "sair", "subir", "descer". Nasi tunafanya hivyo hivyo: ingia, toka, panda, shuka. Mwingereza akisema "he swam across the river", kitenzi chake ni kuogelea, na kuvuka kumetupwa kwenye mkia. Mreno anasema "atravessou o rio a nado". Alivuka mto kwa kuogelea! Neno kwa neno, mpangilio ule ule. Sentensi imetoka Kiswahilini ikaingia Kirenoni bila hata kuvuliwa viatu. Na bado kwa miaka mitatu nimelazimishwa nipitie "swim" na "across", nibomoe ndipo nijenge upya.

Halafu kuna "get". Jamani, "get". Kwenye orodha yangu ipo namba za juu kabisa, na mbele yake wameandika "obter". Obter! Neno la barua za ofisini, la kupata cheti na kibali. Hebu tuone "obter" inafika wapi. Kuzeeka kwa Kiingereza ni "get old", Kireno ni "envelhecer". Na haya yanayofuata yote Kiingereza hukimbilia "get": kutajirika, "enriquecer". Kuchoka, "cansar-se". Kulowa, "molhar-se". Kupotea njia, "perder-se". Kuugua, "adoecer", au "ficar doente". Kufika nyumbani, "chegar a casa", na Mbrazili katika maongezi atakwambia "chegar em casa". Kupokea barua, "receber". Kushuka kwenye gari, "descer". Kuelewa mzaha, "entender". Kila kimoja kina kitenzi chake kamili, na kila kimoja kina kitenzi chake kamili kwa Kiswahili pia: zeeka, tajirika, choka, lowa, potea, ugua, fika, pokea, shuka, elewa. Laiti mtu angenipa safu mbili tu, Kiswahili na Kireno, "get" nisingekutana naye kabisa, na tungebaki tunaheshimiana.

Na "ficar", kitenzi ambacho ukiwa nacho unaishi, orodha imekiandikia "stay" ikaondoka zake. "Onde fica o banco?" maana yake benki iko wapi. "Fiquei triste" ni nilihuzunika. Hapo hakuna aliyekaa popote.

Kuna maneno ambayo Kiingereza kimeyaunganisha, Kireno kimeyatenganisha, na Kiswahili kimeyatenganisha vile vile, kwenye mshono ule ule. Hapa ndipo hasira yangu inageuka kicheko cha uchungu. "Ask": orodha inasema "perguntar", nukta. Siku moja nikamwandikia mteja "quero perguntar um favor". Nauliza wakuu, Mswahili gani anauliza fadhila? Fadhila inaombwa. Kireno nacho kina "perguntar" ya kuuliza na "pedir" ya kuomba, tofauti ambayo mtoto wa miaka mitatu anayezungumza Kiswahili anayo tayari mdomoni. Mimi nilikuwa nayo! Kiingereza ndicho kilichoninyang'anya mlangoni nikiingia.

"Time" nayo hivyo hivyo. Kwenye orodha ni "tempo". Mwenzangu, kuna "tempo", kuna "hora", kuna "vez". Wakati, saa, mara. "Que horas são?" ni saa ngapi, "quantas vezes?" ni mara ngapi, "não tenho tempo" ni sina muda. Ukitumia "tempo" kwenye yote, utamuuliza mtu amekwenda nyakati ngapi. "Play" pia: "jogar" ni kucheza mchezo wenye kanuni, kama mpira au karata, "brincar" ni kucheza kwa watoto, na ala ya muziki ni "tocar", ambayo pia ni kugusa. Sisi gitaa tunalipiga, wao wanaligusa, ila wote tunajua halichezwi.

(Tena karata yenyewe imetoka kwao, "carta". Meza, bendera, mvinyo, leso, vyote vyao. Hata hilo bomba lililoniletea balaa ni "bomba" lao. Tumewakopa tangu enzi za majahazi, halafu leo tunakwenda kuwatembelea tukiwa tumebebwa na Mwingereza.)

Tuseme haki kidogo, Kireno si malaika. Nacho kina mikia yake. Kutupa taka kwa Mbrazili ni "jogar fora", kwa Mreno ni "deitar fora". "Dar" yao ina vituko vinavyokaribia "get": "dar certo" ni jambo kufanikiwa, "dar com" ni kukutana na kitu ghafla, "dar-se bem com" ni kupatana na mtu. Na vitenzi vyao vingi vina kihusishi chake cha lazima, ambacho orodha inakikata ili safu ikae sawa. "Gostar", kupenda, bila "de" ni kilema. "Precisar", kuhitaji, vile vile, nomino ikifuata. Kumfikiria mtu ni "pensar em", kumwota ni "sonhar com", kana kwamba mmelala mnaota pamoja. Kitenzi na kihusishi chake vifundishwe pamoja, kama ngeli na viambishi vyake. Huwezi kumfundisha mtu "kiti" usimwambie "vi-".

Maneno ya kufanana sura siyasemi sana, kila mwanafunzi ameshaumwa nayo. Lile la mlangoni linatosha: "puxe" inasomeka kama "pushe", na maana yake ni vuta. Kusukuma ni "empurre". Utausukuma mlango mpaka walinzi waje. Na "pretender" si kujifanya, ni kukusudia. "Parentes" ni jamaa, wazazi ni "pais". "Livraria" inauza vitabu, haiazimishi. Haya angalau kozi nyingi huyataja, sijui ni kwa sababu yanachekesha.

Lisilotajwa ni Kireno cha nani. Orodha yangu ilikuwa ya mchanganyiko, neno hili la Brazil, linalofuata la Ureno, bila alama yoyote. Basi la abiria ni "ônibus" Brazil na "autocarro" Ureno, na Msumbiji utasikia "machimbombo". Treni ni "trem" Brazil, "comboio" Ureno. Ndege kupaa ni "decolar" kwa Mbrazili na "descolar" kwa Mreno. Mreno akisema "percebi" ana maana ameelewa, Mbrazili akisema hivyo ana maana ametambua kitu, ameking'amua. "Rapariga" Ureno ni msichana, hana kosa lolote, ila ukimwita hivyo mtu katika sehemu nyingi za Brazil umemtukana vibaya sana. Msiniambie kuna yale makubaliano ya 1990 ya kuoanisha tahajia ya Kireno. Yale ni ya herufi. Hata herufi zenyewe hayakuzimaliza: Ureno bado wanaandika "facto" kwa jambo la kweli, maana "fato" kwao ni suti, na Brazil wanaandika "fato" kwa jambo la kweli, suti wanaita "terno". Nimewahi kutafsiri ripoti yenye "fatos" tisa nikaipeleka kwa msomaji wa Ureno. Alinijibu kwa swali moja fupi kuhusu nguo.

Najua kuna watakaokuja hapa chini na "tumia programu ya kutafsiri mkuu, dunia imebadilika". Nazitumia. Ukiipa sentensi nzima, mara nyingi inakwenda vizuri kuliko orodha yangu, na hilo lenyewe ni ushahidi: inatazama sentensi. Ukiipa neno moja pekee nayo inababaika kama mimi. Na bado inakuchanganyia Ureno na Brazil ndani ya aya moja usipokuwa macho.

Mwingine atasema kosa ni langu, mtafsiri mzima anategemeaje orodha. Kweli, ndugu, nakubali nusu. Lakini niliuziwa kama msingi, na msingi ndio uliopinda. Mtu anayekariri "ask ni perguntar" mara mia mbili hajifunzi tu neno pungufu, anajifunza kosa, na kuling'oa ni kazi kuliko kulipanda.

Ninachotaka ni kidogo. Mwenye orodha, au hata daftari lake la mkono, linalotoka Kiswahili moja kwa moja kwenda Kireno, kwa sentensi, likionyesha hiki cha Ureno na hiki cha Brazil, aliweke hapa. Kama halipo, mimi nimeanza langu, nina vitenzi 60 na kitu hivi, nani tusaidiane? Nitaanza kuyapandisha humu humu, mnirekebishe bila huruma.

Ila si leo. Leo nimebakiza kurasa sita za pampu, mhariri anazitaka asubuhi, na ukurasa unaofuata unaanza na "Set up the pump." Orodha inasema "set up" ni "estabelecer". Kuasisi. Nimekaa hapa naitazama. Nadhani ni "instalar", au "montar" kama imekuja vipande vipande, lakini picha inaonyesha pampu nzima imesimama na mtu anashika waya. Mafundi mliomo humu mnaojua Kireno, hapo mngesemaje?