Wateja wanabuku kisha wanaingia mitini: programu ya miadi itanisaidia kweli?

Kiti_Wazi
Habari zenu wadau wa saluni. Naomba mawazo ya waliokwisha kupita njia hii.

Saluni yangu ni ya wastani, wasusi wachache, kila mmoja na kiti chake. Wateja wananipigia au wananiandikia WhatsApp, nami naandika kwenye daftari. Kinachoniumiza ni hawa wanaoweka miadi halafu kimya. Hapigi, haandiki, ukimtafuta hapokei. Wa kuosha na kukausha akikosa si neno, muda wake ni mfupi. Lakini aliyebuku rasta ndogondogo amefunga kiti kutwa nzima, na niliowakatalia kwa ajili yake wameshasuka kwingine. Wasusi wangu wanalipwa kwa kichwa, kwa hiyo siku hiyo mtu kaamka alfajiri na anarudi kwake mikono mitupu.

Nimeanza kuzitamani hizi programu ambazo mteja anachagua mwenyewe huduma, msusi na saa, na kikumbusho kinajituma. Zinapunguza kweli? Na nikidai malipo ya kushika nafasi, sitawafukuza hata wale wazuri?

Mkasi_Butu
Zinapunguza, ila kikumbusho peke yake hakitoshi. Wanaokosa wengi si wabaya. Kuna aliyesahau, na kuna aliyepata udhuru akaona aibu kukupigia. Wa kwanza anasaidiwa na kikumbusho. Wa pili anasaidiwa na kiungo cha kufuta au kubadili miadi, kiwe ndani ya ujumbe uleule. Mtu akiweza kuahirisha usiku wa manane bila kuisikia sauti yako ikinuna, ataahirisha. Kuna wenye saluni wanaoficha hicho kiungo kwa kuogopa kwamba watu watafuta ovyo. Waache wafute! Aliyefuta mapema amekurudishia kiti ukiuze.

Tuma viwili: kimoja siku mbili kabla, kinachomtaka ajibu kama anakuja, na kingine kifupi siku yenyewe. Ukituma cha saa moja kabla tu, hata akikujibu kwamba haji, utamtoa wapi mwingine wa kusuka siku nzima?

Na hapo ndipo orodha ya wanaosubiri inapofanya kazi. Mtu akifuta, programu inawajulisha waliokosa nafasi siku hiyo, wa kwanza kujibu anaichukua. Kwangu mimi hiki ndicho kitu ambacho daftari haliwezi kabisa.

Dada_Kitana
Pole mwaya. Kishika nafasi dai, ila usidai kwa kila mtu. Mteja wako wa siku zote anayekuja kuretachi, yaani kutiwa dawa nywele zilizoota, ukimwambia alipe kwanza atajisikia umemwona tapeli. Weka kwa kazi ndefu na kwa mteja mgeni, basi. Programu nyingi zinakuruhusu kuchagua huduma zipi zinadai malipo ya awali na zipi hazidai.

Masharti ayaone KABLA hajabonyeza kulipa, kwa maneno mafupi: hela inakatwa kwenye bili yake, akiahirisha siku moja kabla inahamia miadi mpya, asipotokea haimrudii. Na wewe ukiahirisha, mrudishie yote bila kuulizwa. Hapo hakuna atakayesema umemla.

Mteja_Sugu
Samahani, mimi si msusi, nimeolewa na saluni kwa upande wa kukaa kitini tu 😂 Lakini naona mnamsema mteja peke yake.

Nimewahi kupewa miadi ya asubuhi, nikafika kwa wakati, nikakuta wawili mbele yangu na mmoja ndiyo kwanza anafumuliwa. Nimekaa mpaka mgongo ukauma. Baada ya hapo nikipewa saa yoyote pale najua ni hadithi, nakuja nikijisikia, na siku nyingine siji. Saa mnazotupa mkiziheshimu, na sisi tutaziheshimu. Hiyo programu itawakumbusha na wasusi?

Kiti_Wazi
@Mteja_Sugu umenichoma lakini sibishi, kuchelewa kupo, hasa mtu anapokuja na misuko ya zamani haijafumuliwa wakati alisema nywele ziko tayari. Je, kuna namna programu inazuia hilo?

Fundi_Ratiba
Ipo, na ndipo penye kazi kubwa kuliko vikumbusho. Ukiiwekea programu muda wa uongo itakupangia siku ya uongo, tena kwa haraka kuliko daftari.

Usiandike "rasta" ikawa huduma moja. Ndogo, za wastani na kubwa zina muda tofauti, na urefu nao unaongeza. Kufumua iwe huduma ya kujitegemea anayoiongeza mteja mwenyewe, na fomu imuulize wazi kama nywele zina kitu sasa hivi. Kila msusi apewe muda wake: mwenye mkono mwepesi na anayejifunza hawawezi kuwa na saa zilezile. Weka na nafasi ndogo kati ya mteja na mteja, ya kufagia na kupumua.

Rangi ni jambo lingine. Dawa ikikaa kichwani msusi yuko huru, na programu nzuri zinakuruhusu kuonyesha kipindi hicho kama wazi ili apokee wa kukata au kuosha. Kwa rangi za kemikali pia kuna kile kipimo cha ngozi cha saa 48 kabla, unampaka kidogo uone kama rangi inamdhuru. Kiweke kama miadi midogo ya lazima. Kwanza ni usalama wa mteja, pili asiyekuja kupimwa umeshamjua mapema.

Halafu punguza umbali wa kubuku. Miadi inayowekwa miezi mbele ndiyo inayosahaulika zaidi. Fungua wiki chache tu, labda kwa maharusi uwe na utaratibu wao.

Ndimi_Mpya
Kwani usiwabuku wawili saa moja, kama mashirika ya ndege? Mmoja akikosa mwingine yupo.

Mkasi_Butu
@Ndimi_Mpya na wakija wote? Ndege ina viti vingi, aliyezidi anapandishwa inayofuata. Hapa una kiti kimoja, msusi mmoja na wateja wawili wenye hasira wanaotazamana. Soma tena alichoandika Mteja_Sugu.

Babu_Draya
Mimi nitakuwa mbishi kidogo. Kabla ya kulipia chochote, jaribu vya bure. WhatsApp Business ina lebo za kupanga wateja na majibu ya haraka unayoyaandaa mara moja, na miadi unaiweka kwenye Google Calendar ambayo wasusi wote wanaiona. Kila jioni mtu mmoja akae awatumie vikumbusho wa keshokutwa. Saluni ndogo inaishi hivyo vizuri tu. Ukiona kazi ya kutuma imekuelemea, au unataka watu wajibukie wenyewe usiku umelala, hapo ndipo ulipie.

Na kabla hujahama, kwa mwezi mmoja andika pembeni ya kila aliyekosa: ni mgeni au wa zamani, huduma gani, alibuku lini. Usipofanya hivyo hutajua kama programu imesaidia au ni msimu tu umebadilika.

Fundi_Ratiba
Babu kanena. Akiamua kulipia, naongeza machache.

Uliza kama unaweza kuitoa orodha ya wateja wako siku ukiondoka. Kama haitoki, wateja hao si wako tena. Uliza pia kama wanakata asilimia kwa mteja mgeni au ni ada ya mwezi tu, na kama SMS zimo ndani ya ada.

SMS zenyewe, angalia urefu: moja ni herufi 160, ukizidisha inahesabiwa zaidi ya moja. Ukitia kiemoji kimoja tu, kikomo kinashuka hadi 70! Kile kimoyo cha mwisho kinaweza kukugharimu SMS ya pili.

Na saa, jamani. Programu inaandika 10:00, mteja anasoma saa kumi, anakuja jioni. Badili kiolezo cha ujumbe uandike "saa nne asubuhi". Kama programu haikubali, weka AM au PM na umthibitishie mgeni kwa mdomo.

Kiti_Wazi
Hilo la saa! Kuna mmoja nilimkasirikia sana, kumbe huenda alikuja tumeshafunga.

Basi nitaanza na njia ya Babu huku nikipima muda halisi wa kila msusi, kisha nijaribu programu kwa kipindi cha bure. Kishika nafasi kwa rasta na wageni tu. Bado moja: wale wazoefu wa kukosa, ambao nawajua kwa majina, niwafungie?

Dada_Kitana
Usiwafungie, utaonekana una ugomvi. Programu nyingi zinakuruhusu kuweka alama kwenye jina la mteja. Mteja mwenye alama mpe achague moja kati ya mawili tu: alipe yote kabla, au aje bila miadi asubiri kiti kikiwa wazi. Wengine watachagua kusubiri, na wala hawatalalamika.