Wakuu, mbwa mkubwa niliyerithishwa anajisaidia ndani tu, nje hataki. Nifanyeje?

Binti wa Kimara (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisaidie kabla sijafukuzwa kwenye nyumba ya watu.

Mwezi uliopita mjomba wangu alistaafu, akarudi zake Njombe. Nyumba yake ya Mbezi ikapangishwa, mbwa wakagawiwa kwa ndugu. Mimi nikaangukiwa na dume mmoja anaitwa Sajenti, ana kama miaka 5. Mpole kupita kiasi. Mwanangu anamvuta masikio na yeye kalala tu. Chanjo ya kichaa kapata, karatasi ninayo. Tatizo ni moja tu, ila ndilo linalonitoa machozi: anajisaidia ndani.

Nakaa nyumba ya kupanga, wapangaji wanne, uani tunachangia. Mwenye nyumba alinikubalia kwa sharti kwamba usiku mbwa asizurure uani, maana mpangaji mmoja anaendesha bodaboda, anarudi saa 7 usiku na hataki kabisa kukutana naye gizani. Kwa hiyo ikifika saa 2 usiku Sajenti yuko ndani na sisi.

Kinachonichosha ni hiki. Kabla ya kulala namtoa, nakaa naye kwenye nyasi karibu na geti dakika 20 nzima, mbu wananimaliza miguu. Ananusa, anazunguka, anasimama kukodolea geti. Hakuna kitu. Tukirudi ndani, hata komeo sijafunga, keshainua mguu kwenye kona ya jikoni. Haja kubwa ndiyo usiseme. Kila alfajiri iko palepale, kati ya mtungi wa gesi na ndoo za maji, kama vile kapimiwa na fundi.

Nimepiga deki kwa Jik mpaka macho yanawasha. Nimefoka. Juzi nilimchapa kandambili, nikajuta mwenyewe, maana tangu siku hiyo anaenda kukojoa nyuma ya kochi nikiwa nimegeuka.

Mume wangu katoa wiki tatu, baada ya hapo Sajenti atafutiwe lifti ya kwenda Njombe. Hivi mbwa wa umri huu anafundishika, au natwanga maji kwenye kinu?

Mlinzi Mstaafu

Anafundishika vizuri tu. Ukimkuta kafanya, mshike kichwa, pua msugulie palepale kwenye mkojo wake, halafu mtoe nje. Mara tatu hivi ataelewa. Nimekaa na mbwa wa kampuni ya ulinzi miaka mingi, hatukuwabembeleza.

Kokoto

Mbwa sebuleni Kimara hii hii? Dada, mbwa wetu kazi yake nje bana. Jenga banda, mambo yaishe 😂

Binti wa Kimara

@Kokoto ningekuwa na ua wangu si ningejenga? Mwenye nyumba hata kibanda cha mbao hataki kusikia.

Mama Mbwa Watatu

Mlinzi Mstaafu, shikamoo, na kwa heshima zote naomba nikupinge. Mbwa uliyemsugulia pua hajui kwamba kosa ni jikoni. Alichoelewa ni kwamba mkojo wake ukionekana na mtu kuna balaa. Mleta uzi kashatuonyesha mwenyewe: kandambili ilipigwa juzi, leo mbwa anajificha nyuma ya kochi. Na wewe dada unaposimama naye kwenye nyasi, unadhani atathubutu kukojoa mbele ya mtu aliyempiga kwa sababu ya kukojoa?

Kabla sijasema mengi, nijibu haya. Kwa mjomba alikuwa analala wapi, na chini palikuwa na nini? Alikuwa anafunguliwa saa ngapi? Akikojoa jikoni ni mkojo mwingi wa mara moja, au ni matone matone? Na siku hizi anakunywa maji kuliko kawaida?

Binti wa Kimara

Alikuwa na banda la tofali, chini saruji. Anafungiwa alfajiri, anafunguliwa saa 2 usiku kulinda. Kijana wa kazi alikuwa anamwaga maji humo asubuhi na kusugua na fagio gumu, nimeona kwa macho yangu. Maji anakunywa kawaida. Jikoni ni mkojo wa kujaza kopo. Ila kuna siku aliinua mguu kwenye begi la shule la mwanangu, pale yalikuwa matone tu.

Mama Mbwa Watatu

Jikoni kwako ni saruji au vigae?

Binti wa Kimara

Saruji. Vigae viko sebuleni.

Mama Mbwa Watatu

Basi tumempata. Dada, huyo mbwa hakukosa mafunzo ya choo. Anayo tena yamemkaa barabara. Choo chake ni saruji. Tangu mdogo miguu yake imezoea kukanyaga saruji ndipo haja itoke, na kila asubuhi kuna mtu alikuja kupasafisha, kwa hiyo kwa akili yake ndivyo mambo yanavyokwenda: unafanya bandani, kijana anakuja na ndoo. Sasa kijana mwenyewe ni wewe.

Na zile nyasi karibu na geti wala hazioni kama choo. Kwake nyasi za usiku ni lindo. Umesema mwenyewe anasimama kukodolea geti. Askari yuko zamu, unataka akojoe kwenye lindo?

Kwa hiyo acha kwanza kushindana naye. Mtafutie saruji ya nje. Uani kwenu kuna nini? Kibaraza cha nyuma, mfuniko wa chemba, sakafu ya zamani ya choo kilichobomolewa? Chochote, ila isiwe pale wanapofulia, usije ukagombana na wenzio. Ukishapata fanya hivi.

Mtoe kwa kamba, kamba fupi, umpeleke moja kwa moja hadi hapo. Usizunguke naye, usimwongeleshe, usimtazame machoni. Simama kama unasubiri daladala. Ukiweza, kitambaa ulichofutia mkojo wa jikoni kipitishe pale chini siku ya kwanza, anuse harufu yake. Akifanya, subiri amalize, halafu papo hapo mpe dagaa wa kukaanga, mbili tatu, umsifu. Nasema papo hapo. Ukingoja mpaka mfike mlangoni, atajua kalipwa kwa kurudi ndani.

Asipofanya kwa dakika 5, rudini ndani lakini kamba usiivue. Ifunge kiunoni mwako, pika nayo, oshea nayo vyombo, kwenye kochi kaa nayo. Baada ya robo saa mtoe tena. Mbwa aliyefungwa kiunoni hana nafasi ya kwenda nyuma ya kochi. Usiku mfunge karibu na kitanda chako, kwenye tandiko lake, kamba ya kumtosha kugeuka tu. Wengi hawapendi kuchafua wanapolala, na akianza kuhangaika utamsikia. Jikoni mlango ufungwe, kama hakuna mlango weka hata meza imelala.

Nyakati: akiamka tu, baada ya kula kama robo saa hadi nusu saa, mchana mara moja au mbili, na kabla ya kulala. Andika ukutani saa aliyofanya. Siku ya nne utaona mwenyewe saa zake.

Ukimkuta kafanya ndani, futa ukae kimya. Ukimfuma katikati, piga makofi mara moja, mtoe haraka amalizie nje. Kandambili ivae.

Natibu Mifugo

Namuunga mkono dada hapo juu, niongeze la kitabibu. Mbwa mkubwa akianza kuchafua ndani, kwanza apimwe, hata kama historia inaeleweka. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, figo, vyote huanzia hapo. Nenda na mkojo wake wa asubuhi kwenye kopo safi. Ukiona mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa usisubiri kesho, huku kwetu kupe wanaleta ugonjwa unaovunja chembe za damu, na huo unaua. Kinyesi kikiwa kigumu chenye umbo, tumbo halina neno, ila dawa ya minyoo apate.

Yale matone kwenye begi la shule ni kitu kingine. Hapo alikuwa anaweka alama, dume asiyehasiwa ndiyo zake, hasa akifika mahali pageni. Kuhasi kunawasaidia wengi, sikuhakikishii wote, maana aliyezoea kwa miaka tabia inaweza kubaki.

Anakula saa ngapi? Na tafadhali usimnyime maji ili asikojoe. Hilo naliona sana na linaleta matatizo makubwa zaidi.

Binti wa Kimara

Hajahasiwa. Anakula mara moja, saa 3 usiku, ugali wa dona na dagaa au mabaki ya nyama. Mjomba aliniambia hivyo.

Natibu Mifugo

Mjomba alikuwa sahihi kwa mbwa wa lindo. Wewe gawa mara mbili, saa 1 asubuhi na saa 11 jioni, sahani ikae dakika 15 uiondoe. Ukimlisha saa 3 usiku umempangia mwenyewe kwenda haja alfajiri mmelala.

Abuu Tandika

Mimi mbwa ndani simo, kwetu akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo wangu anaishia barazani. Nina swali tu: hao wapangaji wenzako kuna wanaoswali? Kama kuna mtu anapita uani kwenda msikitini alfajiri, mkojo wa mbwa njiani ni kumrudisha kubadilisha kanzu. Mtoe mapema, na popote anapofanya mwagia maji mengi.

Binti wa Kimara

Yupo mzee wa chumba cha mwisho, na hajawahi kunisema vibaya. Ahsante kwa kunikumbusha, nitakuwa natoka naye kabla ya adhana.

Wakala wa Kona

Kuhusu usafi, Jik iweke pembeni. Mkojo uliokaa unatoa amonia, ukikutana na klorini ndiyo hiyo hewa inayokuwasha macho, siku moja utajiumiza kifua. Na pua ya mbwa haidanganyiki, bado anapaona.

Saruji inanyonya, ndiyo kazi ilipo. Tumia sabuni ya unga ya kufulia, ile yenye vimeng'enya, soma nyuma ya pakiti. Changanya na maji ya vuguvugu, mwaga pakae nusu saa, sugua, suuza, acha pakauke kabisa, rudia kesho yake. Siki watu wanaisifu, kwenye vigae sawa, kwenye saruji usizidishe, inaila.

Halafu azima kile kitochi cha zambarau tunachokagulia noti. Zima taa usiku, pitisha chini na kwenye kuta kwa urefu wa goti. Mkojo wa zamani unang'aa rangi ya njano hivi. Mimi nilikuwa najua sehemu mbili, nikakuta saba, mojawapo kwenye mguu wa kabati la vyombo.

Binti wa Kimara (baada ya siku 9)

Wakuu nimerudi. Daktari kapima mkojo, uko safi, dawa ya minyoo kapewa.

Kitochi niliazima kwa kijana wa pale kituoni. Jamani. Kona ya jikoni inang'aa kama ramani ya mkoa, nyuma ya kochi, na pazia. Pazia nilikuwa silijui.

Saruji ya nje niliyopata ni mfuniko wa chemba, nyuma ya simtanki. Siku mbili za kwanza alininyima. Siku ya tatu saa 11 kasoro alfajiri nimesimama na khanga kichwani, nimeacha hata kumwangalia, nikasikia shwaaa. Mkojo mrefu mpaka nikaogopa. Nilimpa dagaa mkono unatetemeka. Tangu hapo haja ndogo zote ni kwenye chemba, kubwa mara nne kati ya saba. Ndani kakosea mara mbili, zote nilikuwa nimevua kamba kwa uvivu.

Mwenye nyumba kaniuliza kwa nini mfuniko wa chemba unamwagiwa maji kila siku. Nikamjibu nasafisha mazingira.

Kokoto

Mbwa anajua chemba ni ya nini, sisi ndio hatujui 😂😂

Mlinzi Mstaafu

Marahaba binti @Mama Mbwa Watatu. Nimekusoma. Lile la lindo ni kweli, wetu walikuwa hawakojoi kabisa wakiwa zamu, nilidhani ni nidhamu.

Binti wa Kimara (wiki ya 4)

Ndani siku 12 pakavu. Lifti ya Njombe imefutwa. Mume wangu sasa ndiye anayemtoa saa 4 usiku, anasema anakwenda kupunga upepo.

Ila Jumapili nimeaibika. Tulikwenda naye kwa dada yangu Goba, kuna baraza nzuri ya saruji, wageni wamekaa na soda zao. Sajenti kafika, kainusa, kainua mguu kwenye nguzo, halafu akanigeukia anangoja dagaa.

Mama Mbwa Watatu

Pole, nacheka na machozi. Hiyo hatua niliiacha makusudi ili tusikuchanganye. Kwa sasa kila saruji ya nje ni choo chake. Nyunyiza mchanga kwenye mfuniko wa chemba, kidogo tu wiki hii, wiki ijayo ufunike wote, akizoea kuukanyaga ndipo uuhamishe mchanga hatua moja moja kuelekea penye udongo. Usiwe na haraka. Akigoma, rudi nyuma hatua moja. Na mpaka hapo kwenye baraza za watu ashikwe kamba.

Binti wa Kimara

Mchanga nitaomba kwa fundi anayejenga hapo jirani. Ndoo moja inatosha?

Mama Mbwa Watatu

Nusu ndoo. Uchekeche kwanza, kokoto zisimkere miguu.