Unampigia mama simu, unamweka spika jukwaani, halafu unamkatia? Huyu mtu mnamjua!

Bint Mikanjuni (mleta mada)

Wakuu, naandika huku natetemeka, mkikuta herufi zimerukwa nivumilieni.

Sitaji jina. Mnamjua. Tanga nzima inamjua, kuanzia Raskazone mpaka Pongwe. Yule wa suti nyeupe na kitambaa cha jasho cha zambarau, anayejiita mtumishi wa mataifa wakati mataifa yenyewe ni Kahama, Geita na Tunduma. Huyo huyo. Kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja.

Jana jioni mama alikuwa uani, kakalia mbuzi anakuna nazi. Tulikuwa na bada na samaki. Kitochi chake kiko dirishani kwenye nondo, hapo ndipo mtandao unaposhika. Kikalia. Mama, ambaye mguu wa kushoto umevimba mpaka ndara haiingii, aliruka kama binti wa miaka kumi na minane! Kajifuta machicha kwenye kanga, kashika simu kwa mikono miwili, kaweka sauti ya nje maana sikio moja halisikii vizuri. "Mwanangu! Mwanangu umenikumbuka!"

Upande wa pili: "Mama, uko hewaniii! Wasalimie watu wa Munguuu!"

Mama hewani hapajui. Yeye anajua mwanawe kapiga. Akaanza kueleza ya kwake: "Baba, ule mguu bado, usiku silali, na ile dawa uliyosema utatuma..." Hata hajameza mate, mtu kashaunguruma kwenye kipaza sauti: "Mmesikia kanisa! Mama anasema mguu! Mguu umeponaaa!" Kinanda juu, vigelegele juu, watu wanaanguka huko.

Na akakata. AKAKATA SIMU.

Mama kasimama pale, machicha bado yako kwenye vidole, "Haloo? Haloo baba? Haloo?" Nikamwambia mama amekata. Akasema hapana, ni mtandao, atapiga tena.

Mtandao! Mtu anarusha ibada mubashara masaa matatu mfululizo, mtandao upo. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 nzima, kalirekodi kuanzia mwanzo mpaka mwisho anatufundisha habari za Musa kuvuka bahari, mtandao upo. Kila alfajiri kwenye kundi la familia anatupiga picha za njiwa na maua, "amka na ushindi", mtandao upo. Ukimwandikia "kaka, dawa ya mama imeisha", alama mbili za bluu, kimya. Kesho yake, njiwa mwingine.

Mama wa watu usiku kucha kalala na kile kitochi kwenye pindo la kanga. Hajala bada. Mie bado namsikia akisema haloo.

Alimkatia! Mbele za watu wote wale, anampigia makofi mguu ambao hajauona!

Mzee wa Kange

Mungu wangu. Mie nilikuwa naangalia hiyo ibada. Nilisema amina kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Na sadaka nikatuma, elfu tano. Kumbe mguu bado?

Bint Mikanjuni

Mguu bado baba yangu! Njoo uuone! Umekuwa mkubwa kuliko mnazi! Hiyo elfu tano yako ingekuja Mikanjuni mama angelala usingizi.

Kijana wa Pongwe

Povu lote hili kwa ajili ya simu? Dada, sema ukweli, wewe unalilia simu au unalilia hela? Watumishi wana kazi nyingi. Roho zinapotea huko Geita nyie mnataka aulize habari za ndara.

Bint Mikanjuni

Kijana wa Pongwe, na wewe mama yako akukatie simu uone. Sijasema asihubiri. Ahubiri mpaka Lubumbashi. Nimesema ALIMKATIA. Mama katikati ya habari ya dawa, akakata. Sikiliza ile video vizuri, ipo, inazunguka kwenye makundi, neno la mwisho la mama ni "utatu..." basi. Watu wa huko wameandika chini eti mama kataja Utatu Mtakatifu!

Kijana wa Pongwe

Hahahaha hapo nimeanguka. Utatu Mtakatifu.

Shoga wa Chuda

Mie hapo kwenye Utatu nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Pole lakini dada. Ila kaka yako anajua kazi.

Mwalimu wa Sunday School Muheza

Msicheke. Hili jambo limeandikwa. Marko 7, Yesu anawakemea watu waliokuwa wakiwaambia wazazi wao kwamba kile mlichostahili kusaidiwa nacho nimekifanya korbani, nimemtolea Mungu. Na Paulo kwa Timotheo, waraka wa kwanza, sura ya 5 mstari wa 8: asiyewatunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini. Huyo Paulo naye alikuwa msafiri, tena wa miguu na jahazi, na gerezani aliingia, lakini barua zilikwenda. Mpaka joho lake alilolisahau Troa aliliandikia barua liletwe.

Bint Mikanjuni

Asante mwalimu. Na Yesu mwenyewe pale msalabani, misumari mkononi, alimkumbuka mama yake, akamkabidhi kwa mwanafunzi amtunze. Huyu wetu mikono yote miwili ni mizima na ana simu mbili!

Mtu wa Bagamoyo

Naunga mkono hoja. Huku kwetu tuna habari za mhubiri msafiri kuliko watu wote. Livingstone 1871 yuko Nyangwe, Kongo huko ndani, karatasi zimemwishia. Alifanyaje? Alichukua gazeti kuukuu, akaandika juu ya maandishi ya gazeti kwa wino wa matunda ya porini. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka huo huo alimpelekea barua za kwao, na aliporudi akabeba za mzee, zikatoka Bagamoyo 1872. Kwa miguu! Wapagazi! Leo mtu ana kifurushi cha dakika anashindwa kumuuliza mama umekula nini.

Baharia Mstaafu

Mtu wa Bagamoyo acha kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyo Livingstone wako ndiye mfano wa kutoa? Mkewe Mary na watoto aliwapakia melini Cape Town 1852 wakaenda Uingereza, wakaonana tena mwisho wa 1856. Mke akaja kumfuata, akafia Shupanga kwenye Zambezi 1862. Mwanawe Robert akaishia Marekani kwenye vita yao, akafia kambi ya wafungwa 1864. Barua kibao, baba hayupo. Afadhali hata huyo wa kitambaa cha zambarau.

Mtu wa Bagamoyo

Nani kakuuliza habari za Robert? Nimezungumzia kuandika. Mwili wake Chuma na Susi waliubeba mpaka hapa Bagamoyo, Februari 1874, mnara upo, njoo nikuoneshe bure.

Bint Mikanjuni

Jamani, mie nimekuja na mama yangu hapa. Mama amekatiwa simu.

Mama Ntilie wa Barabara ya Nane

Shoga, wewe una bahati kaka yako anapiga kwa salio lake. Mie mdogo wangu ni ustadhi, anazunguka na mihadhara, leo Lindi kesho Kondoa. Sauti tamu, watu wanalia kwenye mada ya kuunga udugu. Kwangu anabipu! Anabipu mara moja anakata, nimpigie mie. Nikimpigia ananisalimia salamu ndefu mpaka salio linakaribia kwisha, halafu ndo anasema "dada, nina shida kidogo". Juzi kanibipu niko na kikaango cha mihogo, mafuta yanachemka, nikadhani kuna msiba. Hakuna msiba. Anaulizia kanzu yake kama imekauka. Yuko Kondoa!

Shoga wa Chuda

Kanzu imekauka?

Mama Ntilie wa Barabara ya Nane

Ilikauka zamani. Nimempa mtu kaivaa harusini.

Mpenda Haki Makorora

Bora nyie mnaobipiwa. Wenye kutuma hela nyumbani ndo tunajua uchungu. Tangu zile tozo za miamala za Julai 2021 mie sijawahi kuwa na amani na simu yangu. Unatuma elfu kumi, inakatwa kutuma, bibi akitoa inakatwa kutoa.

Kijana wa Pongwe

Tozo zilishapunguzwa mkuu, unaishi wapi?

Mpenda Haki Makorora

Zilipunguzwa kwako. Bibi yangu wa Maramba akienda kwa wakala anarudi analalamika vile vile. Na hapo nimeshukuru kwamba laini anayo, maana 2020 ile Januari ya kufunga laini zisizosajiliwa kwa vidole, yake ilizimwa. Bibi kafanya kazi ya mkonge ujana wake wote, vidole vimelika, laini za kidole hazipo. Anabonyeza kile kimashine, kinakataa. Anapangusa kidole kwenye kanga, kinakataa. Yule kijana wa usajili anamwambia "bibi bonyeza vizuri". Abonyeze nini? Vidole aliviacha shambani!

Mzee wa Kange

Hili umeligusa. Mama yangu hivyo hivyo. Kidole gumba ndo kilikubali, baada ya kupakwa mafuta ya nazi.

Mwalimu wa Sunday School Muheza

Wazee wengi wa Muheza na Korogwe iliwakuta. Mkonge umewala hawa watu, na hata laini ya simu wanasumbuliwa.

Bint Mikanjuni

Ni kweli na nawapa pole, lakini naomba turudi kwenye mada. Kuna mtu anayo namba yake ile ya pili, ile anayowapa watu wa sadaka? Ile anapokea haraka. Nataka mama ampigie kwa hiyo, amalizie ile sentensi.

Baharia Mstaafu

Mkonge wenyewe aliuleta Mjerumani, Hindorf, 1892, miche kutoka Florida. Elfu moja iliondoka, ikafika hai 62.

Mtu wa Bagamoyo

1893.

Baharia Mstaafu

1892. Mimi nimezaliwa kambi ya mkonge.

Mtu wa Bagamoyo

Kuzaliwa kambini hakukupi mwaka. 1893, kila mtu wa Tanga anajua isipokuwa wewe.

Kijana wa Pongwe

Mzee leta ushahidi, usituletee stori za kijiweni.