Mirathi ya bibi yetu Mikindani imeuzwa kwa kilo kama chuma chakavu

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki mbili zilizopita nilifika Mikindani, Mtwara, kutoka Lindi nikakuta chumba cha marehemu bibi mzaa mama kimebaki sakafu na mkeka. Kasha la msaji lenye nakshi za misumari ya shaba, sinia mbili kubwa, dele la kahawa, sahani nne za Kichina zilizotundikwa ukutani tangu mama yangu hajazaliwa, mapiko mawili ya babu (barakoa za Kimakonde) na kopo zima la sarafu za Mjerumani, vyote vimeuzwa kwa siku moja, kwa mtu mmoja aliyekuja na pikapu, kwa jumla ya shilingi 480,000.

Vya shaba havikukaguliwa hata kidogo. Sinia, dele na sarafu vilirundikwa kwenye mzani wa chuma chakavu, vikatoka kilo 11, bei ikapigwa hapo hapo.

Msimamizi wa mirathi ni mjomba wangu. Namheshimu kama mtu anavyopaswa kumheshimu mjomba wake, na nilipomuuliza niliuliza kwa adabu, lakini usimamizi si umiliki. Mahakama ya Mwanzo humpa msimamizi miezi minne kujaza fomu namba 5 ya orodha ya mali na madeni, kisha fomu namba 6 ya hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama hupanga. Nimeiona orodha aliyowasilisha. Shamba la korosho limeandikwa mpaka idadi ya mikorosho, wakati chumba kizima cha bibi kimeandikwa kwa maneno matatu tu: "vyombo vya ndani". Kitu ambacho hakikutajwa katika orodha hakina mtu wa kukidai, na ndiyo maana kilichukuliwa kwa urahisi namna ile.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba yametendeka kwa watu wa Mtwara, ambao hakuna wa kutufundisha maana ya kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa mkulima kinyemela na kwa bei ya chini. Tunajua uchungu wa mkulima anayefuatwa nyumbani akiwa na shida, akauza korosho zake kwa bakuli, halafu akasikia bei ya mnadani. Tulipiga kelele mpaka korosho zikapelekwa ghalani, zikapangwa kwa madaraja na wanunuzi wakashindanishwa. Leo kasha la bibi limeuzwa kwa mnunuzi mmoja ambaye yeye ndiye aliyetaja bei, na wajukuu tumeambiwa tushukuru kwa kuwa vitu hivyo "vilikuwa vinajaza nafasi".

Mjomba hakuishia hapo. Siku tatu kabla ya kuuza alimwita kijana aliyelipiga kasha msasa na kulipaka vanishi ili lionekane jipya. Mnunuzi akaishusha bei kwa sababu hiyo hiyo, akisema limeshapoteza ukale wake, na katika hilo alisema kweli. Kitu cha kale hupendwa kwa ile rangi iliyokolezwa na mikono, moshi na mafuta ya miaka mingi, ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudisha ikishakwanguliwa. Shaba nayo ni hivyo hivyo: anayeisugua kwa ndimu na majivu kabla ya kumwonyesha mjuzi anakwangua thamani yake. Jambo la pili ni habari za kitu chenyewe, yaani kilitoka wapi, kilimilikiwa na nani na kiliingiaje nyumbani. Bibi alizijua habari za kila sahani, na mama yangu anazikumbuka mpaka leo, lakini hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu sarafu nataka nieleweke vizuri. Sidai kwamba kopo lile lilikuwa utajiri. Heller za Wajerumani, zilizoanza kutumika huku mwaka 1904 na kutuachia neno hela tunalolitamka kila siku, zipo nyingi na nyingine ni za bei ndogo. Hata hivyo hazilingani. Mwaka 1916, vita vilipokuwa vimeziba njia ya meli kutoka Ujerumani, sarafu ziligongwa Tabora na kutiwa herufi T, kwa hiyo mwenye kujua huangalia mwaka, herufi na hali ya kila moja kabla ya kutaja bei. Kazi hiyo ingechukua jioni moja, kwa taa na kioo cha kukuzia. Mzani wa chuma chakavu hausomi herufi.

Mapiko ndiyo yaliyoninyima usingizi. Sisi wanawake hatukuruhusiwa hata kuyagusa, kwa kuwa yalikuwa ya jando na ya wazee, nao wazee hao wapo na hawakushirikishwa. Mwaka 1984 barakoa ya Kimakonde iliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ikaja kuonekana Geneva katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, na haikurudi nchini hadi mwaka 2010. Ikiwa kitu cha taifa zima kilichukua zaidi ya miaka 25 kurudi, ya babu yangu ambayo hayana hata picha nitayadai kwa nani?

Sasa mnunuzi anautaka na mlango wa mbele wa nyumba, ule wa kuchongwa, na mjomba amekwisha kumkubalia. Nimemwambia mjomba mbele ya mama na shangazi kwamba hautang'oka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940, na ule ulikuwepo bibi alipoletwa pale akiwa bibi harusi mwaka 1938. Nimekwisha kuupiga picha pande zote, pamoja na fremu yake.

Jumatatu nitakwenda mahakamani kuomba orodha ifanywe upya, kitu kwa kitu, na msimamizi aeleze kila alichouza, alimuuzia nani na kwa shilingi ngapi. Mwenye uzoefu wa kupinga orodha ya mirathi namna hii naomba anieleze aliandika nini na alichukua mashahidi gani.

Na kwa yeyote atakayeliona kasha hilo, liwe Mtwara mjini, Lindi, Masasi au Dar es Salaam: lina droo tatu chini, ya katikati haina kishikio, na ndani ya mfuniko kuna alama ya kuungua, ya duara, ambapo bibi aliwahi kuweka chetezo kikiwa cha moto. Nitarudisha fedha iliyolipwa, yote.