Acheni kuziharibu nyimbo za Zein l'Abdin!

Jamani, hii sasa imezidi. Kila kaseti ya marehemu Zein, mwimbaji wa taarabu na mpiga udi (ala ya nyuzi), inayopandishwa mtandaoni siku hizi imekatwa taksimu ya mwanzo (utangulizi wa ala pekee, bila kuimba), imebandikwa kinanda cha umeme, na sauti ya mzee imenyooshwa kwa programu. Nani kawatuma?

Huyu ni mtu wa Lamu aliyeishikilia udi hapa Mombasa wakati wengi wakikimbilia tashkota (ala ya nyuzi yenye vitufe) na lahani za filamu za Kihindi. Alishirikiana na mshairi Sheikh Ahmed Nabhany kufukua mashairi ya karne ya 19, akayaimba. Nyinyi mwaandika "taarabu ya zamani" basi, bila jina la mwimbaji wala la mtunzi!

Udi haina vigawanyo shingoni. Kwenye makamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya Rasti, noti ya tatu hukaa baina ya funguo mbili za kinanda, na ndipo penye utamu. Programu haiijui noti hiyo. Itaivuta juu au chini mpaka ilingane na kinanda, na makamu yashakufa. Taksimu nayo ndiyo inayomtayarisha msikilizaji kwa makamu hayo. Ukiikata, mwimbaji anaingia ghafla, msikilizaji hajajiandaa.

Kuondoa mchakacho wa kanda ni balaa jengine. Mchakacho na mguso wa risha (kijiti cha kupigia udi) kwenye uzi viko kwenye masafa yale yale ya juu, kwa hivyo ukifuta kimoja umefuta vyote, na udi inasikika kama imezama majini.

Kama kweli mwataka kuhifadhi, safisheni kichwa cha deki (kile kinachosoma kanda) na gurudumu la mpira linalovuta kanda kwa pamba na spiriti, mungoje vikauke. Gurudumu chafu huyumbisha sauti. Kisha mkaze au mlegeze skrubu ndogo ya kando ya kichwa, polepole, mpaka risha isikike kali. Fanyeni hivyo kwa kila kaseti, kwani kila moja ilirekodiwa kwa mashine yake. Mwendo wa kanda ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukizidi asilimia 6 tu, wimbo mzima umepanda nusu toni, na mzee anaimba kama mtoto. Dolby (kipunguza mchakacho cha deki) zimeni kama kaseti haikurekodiwa nayo. Unganisheni deki kwa waya, si kuitegea simu mbele ya spika! Rekodini kwa faili ya WAV, isiyobanwa, biti 24, na faili hiyo isiguswe tena.

Anayetaka kinanda na atunge wimbo wake.