Kariakoo inageuzwa stoo, na wenye nyumba wanasainishwa ubia wasioujua

Wakuu, kila ukipita Kariakoo unakuta nyumba nyingine ya Kiswahili imezungushiwa mabati, na kila ikitajwa humu watu wanashangilia kwamba mji unapendeza. Tuambizane ukweli. Vinavyosimamishwa Sikukuu, Swahili, Narung'ombe na Mchikichi, na ambavyo sasa vinavuka kuingia Ilala na Magomeni, kwa sehemu kubwa si makazi. Ni fremu za maduka chini na stoo za mizigo juu, zimevalishwa vioo kwa mbele. Na familia nyingi zilizokuwa kwenye viwanja hivyo hazikuuza. Zilisainishwa ubia, na huo ubia ndio umenifanya nifungue uzi huu.

Kwanza kieleweke kilichokuwepo. Nyumba ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati inayotoka barazani hadi uani, jiko na choo nyuma. Familia inakaa vyumba viwili, vinne inapangisha, na kodi ya hivyo vinne ndiyo inayolipa ada za watoto na dawa za bibi. Barazani anakaa muuza kahawa. Uani mama lishe anawasha moto saa kumi alfajiri ili wabeba mizigo wapate chai kabla maduka hayajafunguliwa. Bomoa hiyo nyumba moja, umeondoa kaya tano na riziki za watu wengine juu yake, na hakuna anayeulizwa wanakwenda wapi. Wanakwenda Chanika, Kivule, Chamazi. Kazi zao zimebaki Kariakoo.

Sasa ubia. Dalali anakuja jioni, anakaa barazani, anatoa karatasi yenye picha ya ghorofa kumi. Maneno ni yale yale: nyie mna ardhi, mwekezaji ana hela, tugawane nusu kwa nusu. Nusu ya nini? Fremu chache za chini zinazotazama barabara zinaweza kuingiza kodi kuliko ghorofa nzima ya saba. Mkataba ukitaja asilimia bila kutaja namba za fremu na namba za ghorofa, mwekezaji anachukua chini na mezanini, yaani kile kighorofa kifupi kilicho juu tu ya maduka, familia inapandishwa juu, na ukipima mita za mraba ni kweli kila mtu ana nusu yake. Hapo huna kesi.

Halafu kuna kilemba. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua kwamba fremu nzuri haipatikani kwa kodi peke yake. Unatoa kilemba kwanza, hela nzito, mara nyingi bila risiti. Mikataba ya ubia haikitaji. Kisichotajwa kinaingia mfuko wa anayepangisha, na anayepangisha ni mwekezaji. Familia inagawiwa kodi, tena kodi ya kwenye karatasi.

Kifungu kingine cha kukiogopa ni kile kinachosema mwekezaji atakusanya kodi zote "mpaka arudishe gharama zake". Gharama zipi, zimekaguliwa na nani? Kama siku ya kusaini hakuna makadirio ya mkadiriaji majenzi, yule mtaalamu wa kupiga hesabu za gharama za ujenzi, yaliyoambatanishwa, yenye jumla iliyoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, gharama hizo hazitaisha kurudi. Kila mwaka kutakuwa na jenereta jipya, lifti imetengenezwa, rangi imepakwa. Na tazameni ghorofa za nyongeza: mkataba unasema sita, jengo linapanda hadi nane, na mgao wa zile mbili haupo popote. Vilevile kodi ya kujishikizia. Familia inahamishwa kwa ahadi ya kulipiwa pango miezi 24, jengo linakwama kwenye slabu ya tatu, mwezi wa 25 mzee wa miaka 70 anaanza kutafutiwa hela ya chumba na wajukuu. Andikeni "mpaka siku ya kukabidhiwa funguo", msiandike miezi.

Hati nayo. Mwekezaji anaiomba akisema ni kwa ajili ya kibali cha ujenzi, kumbe ndani ya mkataba kuna mstari mmoja unaomruhusu kuiweka rehani benki. Mkopo ukimshinda, kinachopigwa mnada ni kiwanja cha babu yenu pamoja na kila kilicho juu yake. Nchi hii tangu 2008 ina sheria inayoruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake. Familia ikisaini, isaini kwa sharti la kupata hati za sehemu zake kwa namba. Makubaliano ya karatasi mbili yaliyogongwa muhuri na wakili wa mwekezaji si kinga. Wakili huyo analipwa na upande wa pili, tafuteni wenu.

Lakini nyumba nyingi hazifiki hata kwenye ubia wa haki kwa sababu zinaanguka kwenye mirathi. Mzee amefariki, hati bado ina jina lake, watoto wanane wa mama watatu. Kikao cha ukoo kinamteua mmoja, Mahakama ya Mwanzo inamthibitisha kuwa msimamizi, na kesho yake anaanza kutembea kama mwenye mali. Msimamizi si mmiliki! Anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni, kisha Fomu Namba 6 inayoonyesha kila kitu kimegawiwaje. Nendeni kwa karani na namba ya shauri, ombeni jalada, someni. Kama fomu hizo hazipo na tayari kuna dalali, wekeni pingamizi mahakamani na zuio kwa Msajili wa Hati kabla uhamisho haujasajiliwa. Ukishasajiliwa, mnaanza safari ya kesi itakayokula thamani ya mgao wenu. Kabla ya yote fanyeni upekuzi rasmi wa hati. Ni ada ndogo, na hapo ndipo mtajua kama kuna rehani mliyofichwa. Wanaoumia zaidi ni mashangazi na mabinti walioolewa mbali. Wanapigiwa simu ya pole na kutumiwa hela ya nauli, wanakuja kukuta kiwanja kimeshafukuliwa.

Wapangaji ndio hawana msemaji kabisa. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo kodi ni makubaliano na hela inadaiwa miezi sita au mwaka mbele. Ila kuuzwa kwa nyumba hakufuti mkataba wa kupanga ulio hai. Aliyenunua amenunua na mkataba wako ndani. Ndiyo maana hawatumii notisi, wanatumia vitimbi: mita ya LUKU inaharibika na haitengenezwi, mlango wa choo unang'olewa, kisha masika yakikaribia bati za upande mmoja zinaezuliwa "kwa ukarabati". Mtu anahama mwenyewe na kodi ya miezi minne aliyokwisha lipa inapotea. Kama huna mkataba wa maandishi, tunza miamala ya simu inayoonyesha umemlipa nani, kiasi gani, kwa miezi ipi. Siku bati linaezuliwa piga picha na uende serikali ya mtaa siku hiyo hiyo, upate barua yenye muhuri.

Tuje kwenye yale majengo yenyewe. Novemba 16, 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mjadala wote ukawa nondo na saruji. Ni sawa, lakini tuulizane pia kuhusu matumizi. Sakafu ya kuishi watu kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Robota la mitumba lina kilo 45 na linakalia eneo lisilofika nusu mita ya mraba. Panga sita kwenda juu, ni kilo 270 kwenye nusu mita, maana yake zaidi ya kilo 500 kwa mita moja. Hapo hujaweka matairi, vigae, wala makatoni ya vitabu vya shule. Jengo likiombewa kibali kama makazi na biashara, halafu ghorofa nne za juu zikajazwa marobota, hata fundi aliyefuata ramani hadi nondo ya mwisho hawezi kuwaokoa walio chini. Mkaguzi asiyepanda juu kuangalia kilichohifadhiwa hajakagua kitu.

Na jirani anayechimbiwa shimo la ghorofa ya chini ya ardhi ukutani kwake asikae kimya. Ardhi ya Kariakoo ni mchanga na maji yako karibu. Wakichimba, pampu zinavuta maji mchana na usiku, maji yanaondoka na mchanga, na msingi mfupi wa nyumba ya zamani unabaki unaning'inia. Dalili ni nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona za madirisha, na milango inayogoma kufunga. Kabla hawajaanza, piga picha kila ukuta, zenye tarehe. Ufa ukitokea, paka juu yake kipande chembamba cha plasta ngumu na uandike siku juu yake. Kikikatika, ukuta bado unatembea, na una ushahidi. Dai kuonyeshwa kibali cha Jiji chenye idadi ya ghorofa na matumizi, na angalia kama bango la mradi linataja mkandarasi, mhandisi na msanifu waliosajiliwa. Kama hakuna bango, peleka malalamiko kwa maandishi, ugongewe nakala yako.

Msiba ukitokea leo, turubai linafungwa wapi? Mtaa umejaa mikokoteni na fuso zinazoshusha mzigo, baraza limekuwa kioo cha duka, na wenyeji waliobaki wanapeleka msiba kwa ndugu Mbagala. Wazee waliozaliwa mtaa mmoja wanakutana Kariakoo siku za mechi za Simba na Yanga tu, wanakuja na daladala, wanarudi na daladala. Hili linaniuma kuliko ghorofa zenyewe.

Wenye mikataba ambayo bado haijasainiwa, futeni majina na namba ya kiwanja, kisha wekeni hapa kifungu cha mgao, cha hati na cha kurudisha gharama. Wanasheria na wakadiriaji majenzi mliomo humu, wasomeeni watu bure, kifungu kwa kifungu, kabla dalali hajarudi jioni na kalamu.